Mtumba Baada ya Saa Tisa na Nusu

Kilichonikwamisha ilikuwa kopi ya kitambulisho.

Nilikuwa Mji wa Serikali, Mtumba, nje kidogo ya Dodoma mjini, kwenye wizara moja, nafuatilia faili la utumishi la marehemu shangazi yangu. Karani alinipokea vizuri. Akapekua makaratasi yangu moja moja, akatikisa kichwa kwa kuridhika, halafu akasema, "Dada, kila kitu kipo, bado kopi ya NIDA tu." Mashine yao ya kopi siku hiyo ilikuwa imelala.

Nikatoka kutafuta stationari. Jua la Oktoba, lami pana nyeusi, uzio, bendera, uzio mwingine. Nikatembea mpaka geti la wizara ya jirani, ambalo kwa macho lilikuwa pale tu, kwa miguu lilikuwa safari. Nikamuuliza mlinzi.

"Hapa ni serikalini, dada," akanijibu kwa upole kabisa. "Vya kununua viko kule barabara kuu. Au mjini."

Boda akanipeleka barabara kuu. Kopi shilingi mia mbili, kuifuata na kurudi elfu nne.

Karani akapokea kopi yangu, akagonga muhuri, akaanza kufunga droo. Ilikuwa inakaribia saa tisa na nusu. Nilipotoka nje, mabasi ya watumishi yalikuwa yameshawasha injini, na gari binafsi zinatoka getini mojamoja. Muda si mrefu nilikuwa nimesimama kwenye mji wenye wizara zote za nchi, taa za barabarani za kila aina, na hakuna mtu wa kumuuliza daladala inapita saa ngapi.

Jibu la mlinzi limenikaa kichwani wiki kadhaa sasa. Si kwa sababu alikosea. Kwa sababu alikuwa sahihi.

## Jua usoni, kwenda na kurudi

Mtumba iko mashariki ya mji, kama kilomita kumi na saba. Anayekaa Nkuhungu au Kizota anaondoka asubuhi jua likimchomoza usoni, na anarudi jioni jua likimzamia usoni. Mpwa wangu, aliyeajiriwa juzi juzi kwenye idara moja huko, ndiye aliyeniambia hivyo. Yeye anaamka saa kumi na moja alfajiri ili saa moja na nusu awe mezani.

Hesabu ya nauli anaijua kwa moyo, lakini haimsumbui kama hesabu nyingine: kila kitu kidogo cha maisha kinabidi kisubiri mjini. Dawa ya kikohozi. Kushona zipu. Kumlipa fundi. Benki ikimtaka asaini karatasi, anaomba ruhusa nusu siku.

Nilianza kuuliza watu wengine, na majibu yalifanana mno. Hakuna aliyelalamikia majengo. Majengo ni mazuri. Kutoka vile viofisi vya chini vilivyojengwa mbio mbio 2018 na 2019 hadi maghorofa ya awamu ya pili, mtu akiyaona lazima akiri kazi imefanyika. Wanalalamikia kilicho katikati ya majengo, yaani hamna kitu.

Na Dodoma tumezoea hivyo, kila kitu kukipa mahali pake na kukifungia huko, kama nguo kabatini. Soko kubwa, Nzuguni. Stendi ya mabasi, Nzuguni. Chuo kikuu, kule vilimani Chimwaga. Wamachinga, kwenye soko lao. Serikali, Mtumba. Kila kimoja ukikitazama peke yake kimepangwa vizuri. Maisha ya mtu mmoja kwa siku moja ndiyo hayakupangwa, kwa hiyo mtu huyo anashinda barabarani akiunganisha vipande.

Sensa ya 2012 ilituhesabu watu 410,956 katika wilaya ya mjini. Ya 2022 ikatukuta 765,179. Hao walioongezeka wamejenga wapi, kila mmoja wetu anajua. Wamejenga pembeni, na pembeni ya pembeni, ambako bomba la maji linafika kwa barua za kuomba.

## Mzee na ramani

Nina jirani, afisa mipango miji mstaafu aliyeanza kazi CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu. Nilimpelekea hili jambo nikitegemea ataniunga mkono. Aliniacha nimalize, akaingia ndani, akatoka na bomba la plastiki lenye michoro.

"Unadhani wewe ndiye wa kwanza kuliwaza hili?"

Mpango Kabambe wa kwanza wa Makao Makuu, wa mwaka 1976, uliandaliwa na kampuni ya Project Planning Associates kutoka Toronto, Kanada. Mzee anapousimulia, unaweza kudhani anasimulia mji wa nchi nyingine. Ulimtanguliza mtembea kwa miguu, kisha baiskeli, kisha basi. Gari binafsi likaja nyuma. Makazi yalipangwa kwa jumuiya, kila jumuiya na maduka na shule zake, zikiunganishwa na njia za mabasi. Makao makuu ya nchi ya Ujamaa hayakutakiwa kuwa mji wa sanamu na viwanja vya gwaride. Yalitakiwa yawe mji ambao mtu asiye na gari hapungukiwi.

(Cha kuchekesha ni kwamba mkuu wa kampuni ile, Macklin Hancock, alijipatia jina miaka ya 1950 kwa kupanga Don Mills, kitongoji cha Toronto ambacho kiliigwa Kanada nzima kwa nyumba na magari yake.)

"Sasa ikawaje?" nikamuuliza.

Mzee akanitajia pesa kwanza. Fedha za kuhamia zilikuja kwa kudonoa, vita vya Kagera vikaja, uchumi ukayumba, serikali ikabaki Dar es Salaam na Dodoma ikabaki na ramani. Pili akanitajia, kwa sauti ya chini kidogo maana ni kazi aliyoifanya mwenyewe, jinsi CDA ilivyoilinda ile ramani. Tulioishi hapa tunakumbuka: bomoa bomoa, hati za miaka 33 badala ya 99, kesi zisizokwisha. Mamlaka ilipovunjwa Mei 2017, mitaani watu walishangilia.

Hapo ndipo nilipoanza kusita. Nilikuwa nimekwenda kwake nikiamini kwamba dawa ya Mtumba ni mpango mzuri zaidi. Mbele yangu alikaa mtu aliyekuwa na mpango mzuri mkononi kwa miaka mingi, na watu wakauchukia.

## Waliochelewa

Sehemu iliyonipa picha ya Mtumba ya miaka hamsini ijayo iko mbali sana, kaunti ya Fairfax, Virginia, nje kidogo ya Washington. Inaitwa Tysons. Ilikuwa njia panda ya mashamba. Mwaka 1968 likafunguliwa jengo kubwa la maduka, ofisi zikafuata, maegesho yakafuata ofisi. Ilipofika miaka ya 2000, watu zaidi ya laki moja walikuwa wanakwenda kufanya kazi pale kila siku, na waliokuwa wanalala pale hawakufika elfu ishirini. Jioni wote wanaingia barabarani kwa wakati mmoja.

Mwaka 2010 kaunti ikapitisha mpango wa kupageuza kuwa mji: wakazi laki moja na ajira laki mbili ifikapo 2050. Robo tatu ya ujenzi mpya iwe ndani ya mita kama mia nane kutoka stesheni za treni. Vitalu vikubwa vikatwe kwa mitaa midogo ili mtu asizunguke kilomita kwenda jengo analoliona. Nyumba mpya, moja kati ya kila tano iwe ya bei ambayo mtu wa kipato cha chini au cha kati anaimudu. Treni ikafika Julai 2014, stesheni nne kwa mpigo.

Wamefanikiwa? Kiasi. Maghorofa ya kuishi yamepanda karibu na stesheni, kuna mitaa yenye migahawa na watu jioni. Lakini zile barabara kuu mbili zenye njia chungu nzima bado zinapita katikati, na kuzivuka kwa miguu bado ni kujipima moyo. Lami ikishamwagwa kwa ajili ya magari, kuirudisha kwa watu ni kazi ya miongo, na kila mita inalipiwa.

Jambo moja liliniamsha usingizini. Tysons ilikuwa na wamiliki wa ardhi wengi, kila mmoja na wakili wake. Kila kipande cha mtaa mpya kilibidi kipatikane kwa mazungumzo: mwekezaji ajenge ghorofa zaidi, naye atoe ardhi ya barabara na bustani. Mtumba haina kizuizi hicho. Ardhi yetu ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na Mji wa Serikali wenyewe umegawiwa taasisi za serikali na balozi. Anayetakiwa kuzungumza na nani pale? Serikali na serikali.

Kwa hiyo kuna kitu Tysons walikitafuta kwa gharama kubwa ambacho sisi tunacho bure, na mpaka sasa tumekitumia kujenga uzio.

## Hofu zangu tatu

Nimekaa na hili muda mrefu kwa sababu kila nikiandika aya ya kusifu mitaa ya kutembea, sauti inauliza: Dodoma hii hii?

Ya kwanza ni jua. Lakini hii iliisha haraka. Nenda mjini, Barabara ya Sita, ya Saba, kule kwenye maduka ya zamani: watu wanatembea mchana kutwa, chini ya vibaraza, duka chini, familia juu. Mji uliokua kuizunguka reli ya Wajerumani haukumwogopa mwenda kwa miguu. Dodoma iko mita zaidi ya elfu moja na mia moja juu ya bahari. Kivulini hapa ni pazuri, na usiku wa Julai utatafuta sweta. Tatizo ni kivuli, basi. Tangu kampeni ya Dodoma ya Kijani ianze Desemba 2017 miti imepandwa mingi, nami naishukuru kila mwarobaini ulioshika. Ila mingi naiona bustanini na katikati ya barabara, inawapa kivuli magari yanayopita. Mti wa mtembea kwa miguu unakaa pale anapotembea.

Ya pili ni usalama. Mzee aliikazia hii. "Utaweka genge kwenye geti la wizara?" Hapana, na kwa baadhi ya ofisi sitaki hata kujaribu. Lakini Ikulu iko Chamwino, Bunge liko mjini. Mtumba kwa sehemu kubwa ni meza, mafaili na wananchi waliobeba bahasha za kaki. Wanaohitaji kopi, chai na kiti cha kusubiria si maadui wa dola. Mlinzi alinde mlango wa jengo. Mtaa unaweza kubaki wazi.

Ya tatu ndiyo iliyonikosesha usingizi, na bado sijaimaliza.

Nani atakaa pale?

Tuambizane ukweli. Mtanzania akipata kazi Dodoma anataka kiwanja. Mgogo, Mhaya, Mchaga, wote: mita za mraba mia sita, geti, tanki la maji, kuku. Mkurugenzi mwenye nyumba yake Ilazo hahamii ghorofani kwa sababu mimi nimesoma habari za Virginia. Tukijenga maghorofa ya kuishi Mtumba kwa kumfikiria yeye, yatabaki na mapazia ya vumbi.

Nilimwambia mpwa wangu hivyo. Akacheka.

"Mama mdogo, nani kakwambia mimi nataka kiwanja? Mshahara wangu wa kiwanja uko wapi? Nataka chumba masta, na nitembee dakika kumi nifike kazini. Kiwanja nitanunua nikiwa na mume na mkopo."

Basi. Nilikuwa namfikiria mtu mwenye gari wakati mji huu wa mchana unaendeshwa na makarani, madereva, wahudumu, walinzi wa zamu ya usiku, vijana wa mafunzo kwa vitendo, mafundi umeme. Hao wote sasa hivi wanapanga chumba upande wa pili wa jiji na kumwachia konda sehemu nzuri ya kipato chao. Serikali haijalala, TBA, wakala wa majengo wa serikali, wanajengea watumishi Nzuguni, Watumishi Housing walijenga Njedengwa, na NHC, shirika la nyumba la taifa, Iyumbu. Lakini hizo nazo ni makazi peke yake, kilomita kadhaa kutoka mezani kwa mtu. Tumejenga sehemu za kulala na sehemu ya kazi. Iliyobaki ni kuzikutanisha.

## Upande wa pili wa barabara

Nilirudi kwenye kile kibanda cha kopi. Safari hii sikuwa na shida ya karatasi, nilitaka kutazama tu.

Kuna mama lishe wanaopika wali maharage na ugali wa uwele kwa wanaoulizia. Kuna kijana wa vocha na miamala, fundi viatu, dada anayeuza mbogamboga, kijiwe cha boda. Nyuma yao wenyeji wa Mtumba na wa Ihumwa wameanza kuongeza vyumba vya kupangisha: matofali ya saruji, bati, choo ndani. Hakuna mwekezaji wala hafla ya kukata utepe. Mahitaji yaliita, watu wakaitika.

Mji wa kutembea ninaouomba kwenye karatasi umeshaanza. Umeanzia nje.

Hili lilinibadilisha zaidi ya ramani ya Mzee na habari za Tysons. Nilikuja nikidhani Mtumba inakosa mji, kumbe mji umefika mpaka barabarani na hauna pa kuvukia. Shida yake ni kwamba uko huko bila mitaro, bila mchoro, bila hakika ya kesho. Na hapo ndipo hofu yangu ya tatu inarudi kwa sura nyingine. Siku mtu akiamua rasmi kwamba Mtumba iwe "mji wa kisasa wenye matumizi mchanganyiko", wa kwanza kusombwa na mgambo atakuwa huyu mama anayelisha nusu ya idara. Patajengwa mgahawa wenye kiyoyozi, sahani moja bei ya sahani zake tano. Karani atarudi kubeba kiporo kwenye hotipoti.

Nilimuuliza mama mwenyewe angetaka nini. Sikumuuliza kwa maneno ya mipango miji, nilikuwa nakula.

"Kibanda chenye paa na namba," akasema. "Nilipe ushuru nikae. Na pale," akaonyesha kwa mwiko kuelekea kwenye majengo, "waniruhusu kupitisha chakula bila kubembeleza."

## Mtaa mmoja

Kwa hiyo sitaki mji mzima ugeuzwe. Hofu ya Mzee imeniingia: mpango mkubwa huja na tingatinga lake.

Ningeanza na mtaa mmoja, ule ulio karibu zaidi na barabara kuu. Kwenye mchoro, matumizi yake yabadilishwe kuwa makazi na biashara, jambo ambalo halmashauri zetu zinalifanya kila siku kwa viwanja vya watu binafsi. Jengo jipya litakalojengwa hapo, la serikali likiwemo, chini liwe na fremu zinazofunguka mtaani, nyingine ziwe ndogo kabisa, za ukubwa wa mashine ya kopi na kiti, kwa kodi ambayo mwenye mashine ya kopi anaweza kulipa. Waliopo barabarani leo wapewe nafasi ya kwanza kwa majina yao, kabla ya tangazo la zabuni. Juu ya fremu, vyumba vya kupangisha: masta, na chumba na sebule. TBA wanajua kujenga. Miarobaini kwenye njia ya miguu, pande zote mbili. Daladala iingie mpaka ndani na ya mwisho itoke saa tatu usiku. Na uzio wa wizara zilizo kwenye mtaa huo ufunguliwe njia ya mkato, ili jirani awe jirani.

Maji nayo yatakuwa nafuu: bomba moja la watu mia tatu kwenye mtaa mmoja halifanani na bomba la watu mia tatu waliotawanyika kutoka Nala mpaka Vikonje. Katika mkoa wenye msimu mmoja wa mvua, hilo peke yake lingetosha kunishawishi.

Na haraka ipo. Barabara ya mzunguko ya kilomita 112.3 inapita Mtumba na Ihumwa, na tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma katikati ya 2024, Dar es Salaam iko saa tatu na nusu hivi kwa treni ya haraka. Bei za viwanja upande ule hazitatusubiri tumalize kubishana. Fremu ya mama lishe ikipangwa leo inawezekana. Baada ya miaka mitano ardhi ile ile itakuwa ya kituo cha mafuta.

Nilimpa Mzee rasimu hii. Aliisoma na kalamu nyekundu, tabia ya kazini haimtoki. Pembeni ya aya ya mtaa mmoja ameandika: shule ya msingi, zahanati, makaburi. Nikamwambia makaburi yanatisha wasomaji. Akasema wakilala watu mahali, watazaliwa na watakufa hapo, na kila mchoro aliowahi kuusaini ulikuwa na makaburi.

Nimeyaweka.

Mpwa wangu anasema chumba masta kikipatikana Mtumba kwa kodi anayolipa Nkuhungu, anahama mwezi huo huo. Mzee nilipomuuliza kama naye angehamia, alisema hata kwa bure haendi. Zabibu zake ndiyo kwanza zimeanza kuzaa.